Nani Ataiba Hospitali?

Liban mwanangu,

Mkoba wako uko mlangoni, umefungwa tangu alasiri, na mimi na wewe hatujasemezana tangu chakula cha mchana. Baba yako amepita kati yetu mara kadhaa akijifanya anatafuta miwani. Mambo ya sweta, ya nauli na ya kutotembea ovyo Nairobi atakwambia yeye. Ana subira ya kurudia jambo lilelile mpaka mbuzi walielewe. Mimi subira hiyo sina. Nikija kukuamsha tuzungumze, utanitazama kwa macho yale ya "Hooyo ameanza tena," nami nitasema nisiyokusudia. Afadhali niandike.

Naandika Kiswahili kwa sababu Kisomali changu cha maandishi hukisomi, na Kiingereza chako cha kwenye simu mimi sikitaki. Kiswahili nilijifunza nikiwa mkubwa, kambini, na nimekifundisha hapa Garissa miaka mingi hata ndoto zangu nyingine huja nacho. Basi kivumilie, wewe unayesema "kitabu yangu" makusudi ili uniudhi.

Turudi kwenye sinia ya mchana. Ulikuwa unatafuna, hata hukumeza, ukasema, "Hooyo, hii serikali ianguke tu. Ianguke hata kesho."

Nikakuuliza, "Halafu?"

"Halafu tutajipanga."

Nilichukua ile sinia kabla hamjashiba, mkono wa baba yako ukabaki hewani. Nikaenda jikoni nikaosha vyombo visivyokuwa vichafu. Ukanifuata huko na hoja nyingine, na hiyo ndiyo iliyonichoma kwa kuwa ina ukweli. Ulisema, "Unaogopa nini hasa? Ayeeyo alipolazwa hatukununua hata glavu za daktari dukani? Hiyo hospitali yao ina nini cha kupotea?"

Nilifunga bomba nikatoka. Ungedhani nimekasirika kwa sababu umekosea. Nilikasirika kwa sababu ni wewe uliyembeba bibi yako mgongoni mpaka wodini, kiti cha magurudumu kikiwa kimoja na gurudumu lake limetoka, na ni wewe uliyekimbia duka la dawa usiku ule. Una haki ya kuchoka. Lakini uliniuliza swali, na ukanichukulia mimi ni mwalimu mwoga anayeogopa mshahara wake usikatizwe. Sasa nakujibu.

Kwanza uelewe hili ili usinisingizie: serikali ya kwetu Mogadishu ilipoanguka, mimi nilifurahi. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Baba yangu alikuwa karani wa posta. Walimchukua kazini kwa ajili ya neno alilolisema akinywa chai, akarudi baada ya miezi mingi na mkono wa kulia usioinuka kupita kifua. Hakutueleza kilichompata. Alijifunza kula akiinamia sahani, na mama yangu, huyo Ayeeyo wako, akawa anamkatia nyama kama mtoto. Kwa hiyo mtu asinifundishe ubaya wa ile serikali. Na serikali hiyohiyo ndiyo iliyomfundisha mama yangu kusoma na kuandika akiwa na watoto tayari, na ndiyo iliyompa dada yangu dawa bila malipo. Yote mawili ni kweli. Kila nikilieleza jambo hili kuna mtu hutaka nichague moja, na nimechoka na watu hao, mmoja wao akiwa wewe.

Dada yangu aliitwa Hodan. Unamjua kwa jina tu, habaryar yako ambaye hatuna hata picha yake. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mdomo haufungi, na alikuwa na ugonjwa wa sukari, ule unaowashika watoto, wa sindano kila siku. Nyumbani hatukuwa na jokofu, kwa hiyo dawa yake ilihifadhiwa katika hospitali ndogo ya mtaani kwetu. Mimi ndiye niliyempeleka kila asubuhi. Langoni alikaa mlinzi mzee, Adeer Muse. Tulimwita adeer kama tunavyowaita wazee wote, na yeye alimwita Hodan "daktari," kwa sababu alijidunga mwenyewe bila kukunja uso.

Mapigano yalikuwa yamechukua majuma kadhaa, upande mmoja wa mji kisha upande mwingine. Halafu asubuhi moja ikasemwa kwamba yule mkubwa amekimbia. Tulitoka nje sote. Siwezi kukueleza furaha ile, na sitaki kuidharau mbele yako. Watu wasiojuana walikumbatiana. Tuliimba kwamba hatuna ukoo, sote ni watoto wa nchi moja. Baba yangu alisimama mlangoni akalia, akifuta machozi kwa mkono wa kushoto. Ninapokusikia ukisema ninyi hamna kabila, hamna kiongozi na hamwogopi, sikucheki. Na sisi tulikuwa hivyo, na hatukuwa tunadanganya. Ilidumu mpaka jua lilipoanza kushuka.

Kona ya mtaa wetu palikuwa na ofisi ya serikali. Watu waliingia, nami nikaingia. Mmoja alitoka na kiti, mwingine na simu inayoburura waya wake. Mimi nilichukua pazia, zito, la kijani, kwa kuwa mlango wetu wa ndani ulikuwa na gunia. Sikujiona mwizi hata kidogo. Nilijiambia kwamba baba yangu alishalilipia pazia lile, kwa kodi yake na kwa mkono wake pia.

Nikirudi nyumbani nimelibeba kichwani, nikapita hospitali. Adeer Muse alikuwa amesimama langoni peke yake na fimbo yake. Madaktari walikuwa wameenda kuangalia familia zao. Akaniita.

"Binti yangu, njoo usimame nami hapa kidogo. Waite na wenzako. Wakiona tuko wengi hawataingia."

Nilikuwa na haraka ya kwenda kulitundika pazia langu. Nikacheka, nikamwambia, "Adeer, hawa wote ni watu wetu. Nani ataiba hospitali?"

Akasema, "Haya, mama. Nenda."

Asubuhi nilimpeleka Hodan kama kawaida. Lango halikuwepo. Vitanda havikuwepo, wala milango, wala mabati ya jiko. Fremu za madirisha zilikuwa zimeng'olewa na ukuta umebaki na matundu. Katika chumba cha dawa, dawa zilikuwapo. Zilikuwa sakafuni. Walitaka makabati, wakayapindua. Walitaka jokofu, wakaitoa ile dawa ya Hodan pamoja na chanjo za watoto wachanga, wakazimwaga wakazikanyaga, kwa sababu zilikuwa zinazuia jokofu kubebeka vizuri. Hodan alisimama akitazama vile vioo vya chupa zilizovunjika.

Adeer Muse alikuwa ameketi uani, ameegemea ukuta, kichwa amekifunga kitambaa kilichotota damu. Hakunilaumu. Alitia mkono ndani ya koti akatoa soksi, na ndani ya soksi mlikuwa na chupa kadhaa. Akamwambia Hodan, "Nilichukua zako kwanza, daktari. Zaidi sikuweza."

Tulizitia chupa zile kwenye chungu chenye mchanga mbichi, chini ya kitanda, na tukaumwagia mchanga maji kila siku. Maji yenyewe yakaanza kuwa shida, maana kuna mtu aliyeiondoa injini ya pampu ya mtaa akaenda kuiuza kama chuma. Tukawa tunakunywa ya kisima cha zamani. Kuharisha kukaingia nyumba hii, kukahamia ile. Surua ikawapata watoto waliokuwa wakingoja chanjo. Posta haikuwa na paa, sembuse mshahara, na noti alizokuwa nazo baba yangu zikawa karatasi tu. Mwenye unga alitaka dhahabu, na mama yangu akavua bangili zake za arusi. Majuma yale ya kwanza hakuna risasi iliyompata mtu mtaani kwetu, Liban. Lakini tulizika karibu kila siku. Watu wakisimulia kuanguka kwa serikali husimulia bunduki. Mimi nakumbuka makaburi mafupi.

Jokofu niliona lilikokwenda. Siku moja niliingia kwa jirani yetu, Mama Sahra, kuomba chumvi. Mama Sahra alikuwa mtu wa kula na kunywa kwetu, na Idd zote tulipika pamoja. Lilikuwa sebuleni kwake, jeupe, na nembo ya hospitali ubavuni. Umeme ulikuwa umekatika mji mzima. Alifungua mlango wake ili anipimie chumvi, nikaona ndani mna mchele. Walilifanya ghala, ili panya wasiufikie mchele wao.

Nikamwambia, "Mama Sahra, humo ndimo ilimokuwa dawa ya Hodan."

Akasema, "Mwanangu aliliokota. Ni mali ya serikali, na serikali imekwisha." Kisha akanitazama, akaongeza bila ubaya wowote, "Pazia lenu limewapendeza."

Mpaka leo nikiwa peke yangu hutafuta jibu la kumpa. Ningeweza kumwambia kwamba pazia haliui mtu. Lakini siku ile sote tulikuwa tumekubaliana jambo moja, mimi na mwanawe, kwamba kilicho cha serikali hakina mwenyewe. Tofauti ni mlango alioingilia kila mmoja.

Na ni Mama Sahra huyohuyo aliyetuokoa, ndiyo maana siwezi hata kumchukia vizuri. Watu walikuwa wameanza kuulizana majina ya mababu, wajue nani ni wa ukoo upi. Kwanza kwa utani, halafu vijana wenye bunduki wakawa wanauliza bila utani, na jibu letu halikuwa jibu zuri kwa mtaa ule. Alikuja uani kwetu mapema asubuhi akiwa amefunika uso, akamwambia mama yangu, "Ondokeni leo. Wanangu hawatawagusa, ila wenzao siwajui." Akatupa na mchele. Najua ulitoka wapi. Tuliula.

Tulipata lori la kwenda kusini. Dawa tuliibeba kwenye kitambaa kilicholowa, lakini lori lilikuwa jua tupu, na ikaisha tulipopita Kismayo. Mtu mwenye ugonjwa ule akikosa dawa hushikwa na kiu, Liban, kiu isiyozimika, na maji ya lori yalikuwa ya kugawana. Hodan alikunywa fungu lake, na langu, na la mama. Mama mmoja aliyekuwa na watoto wadogo akasema, "Huyu msichana anamaliza maji ya watu." Hakuwa mtu mbaya, alikuwa anawahesabia wanawe. Baba yangu akampa Hodan fungu lake pia, akamnywesha kwa mkono uliokuwa mzima.

Karibu na mpaka alianza kulala sana, na pumzi yake ikanukia kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Mara moja alifumbua macho, akaniuliza waziwazi, kama mtu aliyekuwa akilifikiria jambo kwa muda mrefu, "Kwani mwishowe nani alishinda?"

Nikamwambia alale.

Huku Liboi, tulipovuka mpaka, tulimkuta daktari Mkenya, kijana wa bara, na hema lake lililojaa watoto wa surua. Aliinama, akanusa pumzi ya Hodan, akajua hapohapo. Kiswahili sikukijua wakati ule. Askari mmoja wa Garissa alitutafsiria. "Anasema ana dawa ya surua na ya kuharisha. Hii hana. Ameiagiza kutoka Nairobi, mngoje." Nilimsikia yule daktari nyuma ya hema akiongea na redio, akipandisha sauti, akibembeleza, akipandisha tena. Hodan hakungoja. Tulimzika Liboi, mchangani, na upepo wa huko hauachi alama ya kaburi. Niliwahi kurudi na baba yako tulipooana. Tulizunguka tukasoma Fatiha katikati ya kichaka ambacho huenda hakikuwa chenyewe.

Ninayoyajua baada ya hapo unayajua nawe: Dadaab, shule ya kambini, mwalimu wa kike kutoka Machakos aliyenichapa kwa ngeli mpaka nikazipenda, halafu muuza mbuzi wa Ijara aliyekuja kambini na biashara akarudi na mke. Baba yangu alikufa Dadaab akingoja nchi itulie. Kila mwaka alisema ni mwaka huu.

Wala si lazima serikali ianguke jirani. Juzi juzi imebadilika moja katika nchi ya mbali inayolipia chakula cha kambi, watu wakapiga kura yao huko, haki yao, na posho ya chakula ya Habiba pale kambini ikakatwa. Unamkumbuka Habiba, rafiki yangu tuliyekuja naye. Kliniki alikopimiwa presha imefungwa. Alinipigia akaniuliza, "Tumewakosea nini?" Nikamwambia hawatujui hata majina. Nilitaka kumfariji, nikasikia mwenyewe kwamba sikumfariji.

Sasa, utasema, Hooyo anataka nikae kimya. Hapa ndipo unaponitoa jasho, kwa sababu sitaki. Nimemwona bibi yako kwenye kitanda kisicho na shuka. Ninasoma habari za vijana wanaochukuliwa na magari yasiyo na namba, na ninamwona baba yangu ameinamia sahani. Ukinyamaza kabisa nitajiuliza nimelea nini. Ukisema, silali mpaka nisikie sauti yako kwenye simu. Hiyo ndiyo hali yangu na sina dawa yake, nawe usinicheke.

Lakini hilo neno lako, tutajipanga, nilichukue nikutupie. Halafu haiji kesho yake. Halafu ilikuja siku ileile, kabla hatujamaliza kuimba, na ilitukuta sote tunaangalia upande mmoja. Mkiwa mnajipanga, jipangeni sasa, mkiwa bado mna maji ya bomba ya kulalamikia. Na siku hiyo ikija kweli, Mungu asiilete kwa njia mbaya, watu watakimbilia ikulu kupiga picha wamekalia viti vya watu. Waache. Wewe tafuta hospitali iliyo karibu, hata iwe ile isiyo na glavu, uwaite wenzako msimame mlangoni. Wengine wachukue ghala la dawa, wengine pampu. Hakuna atakayewapiga picha. Huenda mtapigwa kichwa. Sijui kama ingetosha. Adeer Muse alidhani tukiwa wengi ingetosha, na mimi sikumpa hata mmoja ili tujue.

Sitakuapisha. Nilipokaa kuandika nilitaka kukuwekea sharti, nikaandika sharti lenyewe nikalikata, kwa kuwa mtoto anayeondoka na radhi ya sharti huondoka na mzigo, na mkoba wako tayari ni mzito, nimeuinua.

Barua hii nitaiweka juu ya viatu vyako. Alfajiri usinijibu. Usinikumbatie huku ukinieleza kwamba mambo ya kwetu yalikuwa tofauti. Yalikuwa tofauti, najua, nilikuwepo. Pita tu jikoni, nitakuwa nimesimama pale nikijifanya nina kazi, nikushike kichwa nikusomee dua, uende.

Radhi zangu unazo zote, pamoja na zile za siku utakaponiudhi zaidi ya leo.

Mama yako,
ambaye hasira zake bado hazijaisha.